Ndege Haiumbi Wingu: Ukweli Kuhusu Mvua ya Kutengeneza na Anga la Ziwa Victoria

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

Kila mvua za Vuli zinapochelewa katika Kanda ya Ziwa, swali moja hurudi midomoni mwa wananchi, kuanzia wakulima wa pamba wa Magu na Kwimba hadi wafanyabiashara wa samaki wa Kirumba: ikiwa nchi nyingine hurusha ndege na mvua ikanyesha, kwa nini jambo hilo lisifanyike hapa, mahali ambapo ziwa kubwa kuliko yote barani Afrika limejaa maji mbele ya macho yetu?

Swali hilo ni la haki. Linaulizwa na watu ambao chakula cha mwaka mzima kwa familia zao hutegemea wiki chache za mvua. Kwa sababu hiyo linastahili jibu kamili, kwa kuwa mkulima anayeahirisha kupanda akisubiri mvua ya ndege, au anayeamini kwamba ndege fulani imefukuza mvua yake, anaweza kupoteza msimu wote.

Jibu kwa ufupi ni hili: ndege haiwezi kuleta mvua katika anga jeupe. Inachoweza kufanya, pale hali inaporuhusu, ni kulichochea wingu ambalo tayari lipo na tayari lina maji ili litoe mvua kidogo zaidi ya ile ambayo lingetoa lenyewe. Makala haya yanaeleza kwa nini ni hivyo, kwa nini majaribio mengi ya teknolojia hiyo hufanyika karibu na milima, na historia yake katika ukanda wetu inatufundisha nini.

Mvua huzaliwaje?

Hewa tunayovuta daima huwa na mvuke wa maji, hata siku ambayo jua linawaka na hakuna wingu hata moja. Mvuke huo haugeuki kuwa wingu mpaka hewa ipande juu na kupoa. Ikipoa vya kutosha, mvuke hushikamana na chembe ndogo za vumbi, moshi au chumvi, na vitone vya wingu huundwa. Vitone hivyo ni vidogo mno. Huhitajika takriban vitone milioni moja ili kupata tone moja la mvua lenye uzito wa kufika ardhini.

Vitone hukua kwa njia kuu mbili. Katika mawingu yenye joto la juu ya nyuzi sifuri, vitone vikubwa huanguka, hugongana na vidogo na kuungana navyo. Katika mawingu marefu yanayofika kwenye baridi kali, kuna maji ambayo yako chini ya nyuzi sifuri lakini hayajaganda, kwa kuwa yamekosa chembe ya kuanzishia barafu. Chembe hiyo ikipatikana, barafu huanza, hukua haraka kwa kuvuta mvuke kutoka kwenye vitone vilivyo jirani, kisha huanguka. Ikipita kwenye hewa ya joto huyeyuka na kutufikia kama mvua.

Hapo ndipo teknolojia ya kuchochea mawingu inapoingilia. Kwa mawingu ya joto, ndege huchoma fataki zinazotoa punje laini za chumvi ili kuongeza vitone vikubwa. Kwa mawingu ya baridi, hutumia barafu kavu au moshi wa iodidi ya fedha, ambayo umbo la fuwele zake linafanana na la barafu. Iodidi ya fedha huanza kufanya kazi vizuri kwenye baridi ya nyuzi 5 au zaidi chini ya sifuri. Katika maeneo yetu ya Ikweta, baridi hiyo hupatikana kwenye kimo cha zaidi ya mita 5,000 kutoka usawa wa bahari, ilhali Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 hivi. Wingu fupi linaloonekana juu ya Mwanza asubuhi halifiki huko.

Katika njia zote mbili, ndege hupeleka chembe tu, na maji lazima yawe yamekwisha kuwamo katika wingu.

Kwa nini anga jeupe halitoi mvua

Miezi ya Juni hadi Agosti ni mfano mzuri kwa mkazi wa Mwanza. Ziwa halijakauka, na mvuke upo. Hata hivyo mbingu hubaki nyeupe kwa wiki nyingi. Sababu ni kwamba katika kipindi hicho hewa ya juu hushuka, na hewa inayoshuka hupata joto na kukauka. Kinachokosekana si chembe, bali ni mwendo wa hewa kupanda kwa wingi na kwa muda wa kutosha.

Mwendo huo unahitaji nguvu kubwa. Mvua ya milimita 1 ikinyesha kwenye kilomita moja ya mraba ni sawa na tani 1,000 za maji. Ili maji hayo yageuke mvuke, jua lilitumia nishati ambayo Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lingehitaji takriban dakika 20 za uzalishaji kamili kuifikia. Kwa mvua ya milimita 20 juu ya eneo hilo dogo, muda huo unakuwa zaidi ya saa sita. Mvua ya kawaida hufunika mamia ya kilomita za mraba. Hakuna ndege inayobeba nguvu ya kiasi hicho. Ndiyo maana Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO) limekuwa likisisitiza kwamba hakuna teknolojia ya kuumba mawingu ya mvua mahali ambapo hayapo.

Siri ya milima

Tangu mwanzo, historia ya teknolojia hii imefungamana na milima. Mwaka 1946, nchini Marekani, mtafiti Vincent Schaefer aligundua kwamba barafu kavu hugandisha wingu la baridi papo hapo ndani ya sanduku la kugandishia. Tarehe 13 Novemba mwaka huo alipanda ndege na kuimwaga barafu hiyo juu ya wingu karibu na Mlima Greylock, jimbo la Massachusetts, na theluji ikaonekana ikianguka kutoka katika wingu hilo. Katika mwezi huohuo mwenzake, Bernard Vonnegut, alibaini kwamba iodidi ya fedha inaweza kufanya kazi hiyohiyo.

Mlima una faida ambayo uwanda hauna. Upepo unaougonga hulazimika kupanda, na hewa inayopanda hupoa na kutoa wingu. Upepo ukiendelea kuvuma, wingu hujazwa upya mahali palepale kwa saa nyingi. Mtafiti anajua wingu litakuwa wapi, moshi utapita wapi, na mvua au theluji ya ziada inatarajiwa kuanguka upande gani wa mlima. Kwenye uwanda, wingu huzaliwa, hukua na kufa ndani ya saa moja au mbili, na ni vigumu kujua lingetoa mvua kiasi gani kama lisingeguswa.

Huenda mwananchi akaona picha za ndege ikitoa moshi karibu na mlima wakati hakuna wingu lolote, akajiuliza inafanya nini. Safari kama hizo zipo, lakini shabaha yake si mvua. Marubani na wataalamu hupima kama fataki zinawaka inavyotakiwa, kama vipimo vya chembe vinasoma sawasawa, na kama moshi unaotolewa upande mmoja wa mlima unapanda na upepo hadi kimo kinachohitajika au unabaki bondeni. Ni kazi ya maandalizi, mfano wa mkulima anayejaribu pampu yake ya kunyunyizia dawa kwa maji matupu kabla ya kuingia shambani. Safari ya namna hiyo ikimalizika, hakuna tone linalotarajiwa.

Hata mawingu yanapokuwepo, mafanikio ni ya wastani. Katika jimbo la Idaho, Marekani, mnamo Januari 2017, watafiti walirusha ndege kwa njia ya kupindapinda ndani ya mawingu ya baridi juu ya milima, na rada ikaonesha mistari ya theluji yenye umbo lilelile la njia ya ndege. Huo ulikuwa ushahidi wa wazi kwamba uchochezi unaweza kufanya kazi. Katika jimbo la Wyoming, jaribio la miaka kadhaa lililotumia mitambo ya ardhini lilikadiria ongezeko la kati ya asilimia 5 na 15, na hilo ni kwa zile dhoruba zilizofaa kuchochewa tu. Tathmini iliyofanywa chini ya WMO inaonesha kwamba matokeo duniani hutofautiana, kuanzia karibu sifuri hadi takriban asilimia 20.

Takwimu hizo zina maana ya moja kwa moja kwa mkulima. Asilimia 10 ya mvua ya milimita 20 ni milimita 2. Asilimia 10 ya sifuri ni sifuri. Teknolojia hii huongeza kidogo mahali penye mvua, na katikati ya ukame, inapohitajika zaidi, ndipo huwa haina cha kuongeza.

Majaribio ya Afrika Mashariki

Jambo hili si geni katika ukanda wetu. Kabla ya ndege, watemi wa Usukuma walibeba mbele ya watu wao dhamana ya mvua, na mtemi ambaye nchi yake ilikauka aliulizwa sababu. Kiu ya kuitawala mvua ni ya zamani kama kilimo chenyewe.

Mapema katika miaka ya 1950, Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki ilifanya majaribio ya kisayansi huko Kongwa, Dodoma, eneo lililokuwa limeshuhudia kuanguka kwa mradi mkubwa wa karanga. Maputo yalipandisha vifurushi vya chumvi laini na baruti hadi kwenye mawingu, na vifurushi hivyo vikalipuliwa humo. Mwaka 1954 majaribio ya aina hiyo yalifanyika Mityana, Uganda, kaskazini mwa Ziwa Victoria. Tatizo lililojitokeza ndilo linalowasumbua watafiti hadi leo: mvua ya asili hubadilika sana kati ya siku na siku, kijiji na kijiji, kiasi kwamba ni vigumu kutenganisha kazi ya mlipuko na kazi ya Mungu. Mkurugenzi wa idara hiyo wakati huo, David Arthur Davies, baadaye alikuwa Katibu Mkuu wa WMO kwa zaidi ya miaka 20.

Mfano wa karibu zaidi wa ndege na milima katika bonde la Ziwa Victoria unatoka Kericho na Nandi, magharibi mwa Kenya. Mchana upepo wa ziwa huvuma kuelekea mashariki, hupanda miinuko yenye zaidi ya mita 2,000, na hukutana na upepo unaotoka upande wa pili. Mawingu makubwa hukua hapo karibu kila alasiri, na mara nyingi huangusha mvua ya mawe inayochana majani ya chai. Eneo hilo hutajwa miongoni mwa yale yenye siku nyingi zaidi za mvua ya mawe duniani. Watafiti waliochunguza mabaki ya majani ya chai walibaini kwamba yenyewe yana chembe zinazoweza kuanzisha barafu.

Katika miaka ya 1960, mashamba ya chai yalijaribu kwanza roketi za kulipuka, na kuanzia mwishoni mwa muongo huo zikatumika ndege zilizochoma iodidi ya fedha chini na pembezoni mwa mawingu hayo. Shabaha haikuwa kuongeza mvua. Ilikuwa kuongeza idadi ya punje za barafu ili kila moja ibaki ndogo na iyeyuke kabla ya kufika kwenye chai. Kwa maneno mengine, hata pale Kericho, ambako ziwa na milima vinashirikiana kutengeneza mawingu karibu kila siku, ndege ilikwenda kulifuata wingu, haikwenda kuliumba.

Hapa Tanzania, baada ya ukame wa miaka ya 2005 na 2006 uliopunguza maji katika mabwawa na kuleta mgao wa umeme, Serikali, kupitia aliyekuwa Waziri Mkuu, Edward Lowassa, ilionesha nia ya kujifunza teknolojia hiyo kutoka Thailand. Nchi hiyo ilianza majaribio yake mwaka 1969 katika eneo la milima la Khao Yai, na hadi leo ina kikosi cha ndege kwa kazi hiyo. Hata huko, ndege husubiri siku zenye unyevu na mawingu yanayofaa. Mpango wa Tanzania haukuwa huduma ya kudumu, lakini mjadala wake umebaki katika kumbukumbu za wengi.

Ziwa ni mtambo wenye ratiba yake

Mwanza haina milima mirefu ya kuinua upepo. Ina miamba na vilima, na ina ziwa lenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, upepo huvuma kutoka ziwani, na mawingu hukua nchi kavu ifikapo alasiri. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa, upepo huvuma kuelekea ziwani kutoka pande zote, hewa hukutana katikati na kulazimika kupanda. Ndiyo sababu radi na dhoruba nyingi za ziwa hutokea usiku wa manane hadi asubuhi, saa ambazo wavuvi wa dagaa wako majini na taa zao.

Mtambo huo wa asili una nguvu kuliko ndege yoyote. Sehemu kubwa ya maji yanayoingia Ziwa Victoria, takriban asilimia 80, hutoka kwa mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, si kwenye mito. Mwananchi anayeliona ziwa limejaa huku shamba lake limekauka hajakosea macho. Mvua nyingi imenyesha, ila imenyesha majini. Ndege haina uwezo wa kulihamisha wingu hilo kulipeleka Misungwi.

Uvumi na madhara yake

Kutokujua mipaka ya teknolojia hii huzaa uvumi wa aina mbili. Wa kwanza ni kwamba ndege inaweza kuleta mvua wakati wowote. Wa pili ni kwamba kila mafuriko au ukame umesababishwa na ndege. Mwezi Aprili 2024, mafuriko makubwa yalipoikumba Dubai, jiji la Umoja wa Falme za Kiarabu, nchi ambayo kwa miaka mingi imechochea mawingu, hasa karibu na milima ya mashariki yake, watu wengi duniani walidai kwamba ndege ndizo zilizosababisha. Wataalamu walieleza kwamba mfumo mkubwa wa dhoruba ulikuwa umetabiriwa siku kadhaa kabla, na dhoruba hiyohiyo ilileta maafa Oman. Hakuna fataki za chumvi zinazoweza kuongeza mvua ya kiwango kile.

Wapo pia wanaohofia afya zao. Kiasi cha iodidi ya fedha katika fataki moja ni makumi ya gramu, hutawanyika katika eneo kubwa, na vipimo vya maji na udongo katika maeneo yanayotumia teknolojia hii havijaonesha viwango vya kudhuru watu. Hata hivyo, ufuatiliaji wa mazingira ni sehemu ya lazima ya mradi wowote wa namna hiyo.

Kilicho mikononi mwetu

Maarifa ya anga yanaweza kumsaidia mkazi wa Kanda ya Ziwa leo, bila kusubiri ndege. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 2 ya mwaka 2019, hutoa utabiri wa msimu kabla ya Vuli ya Oktoba hadi Desemba na Masika ya Machi hadi Mei, pamoja na tahadhari za upepo mkali na mawimbi. Rada ya hali ya hewa iliyopo Mwanza huona dhoruba zikijengeka juu ya ziwa. Kuanzia mwaka 2017, kupitia mradi wa HIGHWAY ulioratibiwa na WMO, Tanzania ilishirikiana na Kenya, Uganda na Rwanda kuboresha utabiri na tahadhari kwa watumiaji wa ziwa.

Mkulima anayefuata utabiri wa msimu anaweza kuchagua mbegu inayokomaa mapema pale mvua inapotarajiwa kuwa chini ya wastani, na kupanda mara ardhi inapolowa vya kutosha. Mvuvi anayesikiliza tahadhari ya usiku anaweza kuacha mtumbwi ufukweni na kurudi kwa watoto wake. Familia yenye paa la bati la mita za mraba 50 inaweza kuvuna lita 1,000 za maji kutokana na mvua moja ya milimita 20, ikiwa ina mfereji na tangi. Kiasi hicho ni kikubwa kuliko nyongeza ambayo ndege bora kabisa ingeweza kuiongeza juu ya paa hilo kwa mvua hiyohiyo.

Wananchi wanahimizwa kufuatilia taarifa rasmi za TMA kupitia redio, televisheni na ofisi za kilimo na uvuvi za halmashauri zao, na kuwauliza maofisa ugani maana ya utabiri kwa eneo lao. Siku ambayo teknolojia ya kuchochea mawingu itapendekezwa tena nchini, swali la kwanza la kuuliza litakuwa: mawingu ya kuchochewa yapo, na yapo lini na wapi? Mwananchi anayeuliza hivyo hatababaishwa na ahadi ya mvua kutoka anga jeupe, wala hatakiacha kipindi cha kupanda kimpite akiwa anatazama juu.